Boksi la "maana ya herufi zako" la mtandaoni, na duka la yule mama wa Maryland: lipi linastahili hela yako

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome hapa aende zake. Boksi la zawadi la mtandaoni, la herufi za Kigiriki za vyama vya wanafunzi wa Marekani, nalipatia nyota moja na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni kwa sababu lilifika kwa wakati. Duka la yule mama wa huku Maryland, Marekani, linalouza nguo na zawadi za vyama hivyo, nalipatia nyota nne na ushee, lingekula tano kama si bei na shida ya kupaki gari. Majina siyataji yote mawili, la kwanza sitaki kesi na watu, la pili mama mwenyewe anasema oda alizonazo zinamshinda tayari. Mwenye shida kweli aulize ndugu zake waliosoma huku, watamwelekeza.

Kilichonipeleka huko kote ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, kamaliza chuo mwezi wa tano na kabla ya hapo aliingia Alpha Kappa Alpha, kwa kifupi AKA. Wao hawasemi kuingia, wanasema kuvuka. Dada yuko Mwanza akanipigia, "kaka mtafutie kitu cha hicho chama chake mtoto avae siku ya mahafali, hela nitakurudishia," hela yenyewe sijaiona mpaka leo ila hayo ni ya kifamilia tuyaache.

Kwa wa nyumbani ambao hamjakutana na hii kitu, vyuo vya Marekani vina vyama vya wanafunzi, vya wanaume wanaviita fraterniti na vya wanawake sororiti, na karibu vyote majina yake ni herufi mbili au tatu za Kigiriki, ndo maana watu wake wanaitwa Greeks hata kama hajawahi kuiona Athens kwenye ramani. Vya watu weusi vikubwa viko 9, vinaitwa Divine Nine, na hivyo siyo vya kumaliza chuo ukasahau, utakuta bibi wa miaka 75 bado analipa ada, bado anavaa rangi zake kanisani, bado akimsikia mwenzake analia ule mlio wao sokoni anaitikia. Kamala Harris aliingia AKA akiwa chuo cha Howard mwaka 1986, na ile 2020 wanachama wakawa wanamchangia kampeni dola 19 na senti 8, siyo 20, maana chama chao kilianza 1908. Hapo ndo ujue watu hawa wanachukulia mambo yao siriasi.

Sasa boksi. Nililiona mtandaoni, tangazo linasema "zawadi yenye maana ya kila herufi ya chama chako", picha safi, bei dola 65, ndani kuna kikombe, tisheti, pini ya kubandika kwenye kola, stika, na kadi iliyowekewa fremu. Nikasema hii ndo yenyewe, kitu kina maelezo, mtoto ataweka ukutani. Kikafika. Nikakifungua mbele ya mwenyewe, na mtoto kwanza akawa mpole sana, mnajua ule upole wa mtu anayetafuta neno la kusema bila kukuumiza. "Anko... hizi siyo sisi."

Kwenye kikombe wamechapa pembetatu, K, pembetatu. Yaani kule kwenye alfa fundi kaweka delta kwa sababu inafanana na A ya kisanii. Inasomeka Delta Kappa Delta! Ile ni mtindo wa madizaina siku hizi, sigma wanaiweka badala ya E, lambda wanaiweka badala ya A, kwenye bango la filamu sawa, ila kwa hawa jamaa delta ni delta, na ni wale wale kina Delta Sigma Theta, sororiti nyingine, ambao historia yao na AKA nitaieleza chini mtaona kwa nini hii siyo kosa dogo. Kichekesho ni kwamba alfa kubwa ya Kigiriki na kapa kubwa ni sawasawa kabisa na A na K zetu tulizofundishwa darasa la kwanza, wangeandika tu AKA kwa kibodi ya kawaida wangepatia. Afu rangi. Wao ni pinki ya samoni na kijani ya tofaa, pinki iliyopoa hivi, hawa wametuma pinki ile kali ya kuandikia vitu muhimu kwenye daftari. Tisheti nayo herufi zimepigwa kwa pasi, baada ya kufuliwa zikaanza kunyanyuka pembeni.

Hayo yote ningevumilia. Kilichoniudhi ni kadi.

Mbele wameandika: Alpha, kiongozi aliyezaliwa kuanza. Kappa, nguvu na uaminifu. Alpha tena, kiongozi mara mbili. Nyuma wameweka jedwali la herufi zote 24, kila moja na tabia zake, Beta ni ujasiri, Gamma ni ubunifu, Sigma ni mpweke mwenye msimamo, Omega ni mafanikio ya mwisho, mpaka Upsilon maskini nayo kapewa "moyo wa huruma". Yaani kama utabiri wa nyota za gazetini, ukisoma yote yanakufaa. Na watu wananunua! Nimepita kwenye maoni ya wateja pale pale mtandaoni, mmoja kaandika kaweka sebuleni.

Jamani. Herufi hizi hazina tabia. Ni vifupisho. Chukua CCM, C ya kwanza siyo "ujasiri", ni Chama, ya pili ni Cha, M ni Mapinduzi, maana iko kwenye maneno yaliyofupishwa, ukichukua C peke yake umeshika hewa. Hivi vyama vingi ni hivyo hivyo, nyuma ya herufi kuna maneno ya Kigiriki, kauli fulani, na herufi ni zile za mwanzo wa maneno. Utamu wake ni kwamba vingi kauli hiyo hawaitoi kwa mtu wa nje, kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia "maana" ya herufi za chama chenye siri ujue ama ni mwanachama anayevunja kiapo ama ni mwongo, na kwa dola 65 mi naamini ni wa pili.

Hii kitu ilianzia wapi? William & Mary, chuo cha Williamsburg kule Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya Wamarekani kutangaza uhuru wao. Wanafunzi wa enzi hizo walikuwa wanameza Kilatini na Kigiriki, na pale chuoni tayari kulikuwa na klabu za herufi za kawaida, moja ikiitwa F.H.C., Thomas Jefferson mwenyewe aliwahi kuwa mwanachama wake, nyingine P.D.A. Kijana mmoja, John Heath, aliyekuwa mkali wa Kigiriki, na wenzake wakaanzisha yao kwa herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa. Nyuma yake kuna maneno Philosophia Biou Kybernetes, yaani kupenda hekima ndo nahodha wa maisha. Huyo kybernetes ni mshika usukani wa jahazi, watu wa Pwani mtaelewa zaidi kuliko hao wa Virginia. Ilikuwa ya siri, na mkono wao maalum wa kusalimiana, na kila kitu. Sasa hivi siyo siri tena, ni heshima wanayopewa wanafunzi waliofaulu sana.

Na kwa nini siyo siri tena? Hapa niwape majibu wale wa grupu la familia, maana dada kuona picha ya mtoto na zile rangi akatuma meseji saa nane usiku ya kwao, "kaka hiyo siyo Freemason kweli?" na shangazi mmoja akaongezea na video ya mchungaji. Sikilizeni. Mwaka 1826 kule jimbo la New York mtu mmoja anaitwa William Morgan alitangaza kwamba atachapisha siri za Freemason, akatoweka, hakuonekana tena. Marekani nzima ikawaka moto dhidi ya kila kitu chenye siri, mpaka chama cha siasa kikaundwa kwa ajili hiyo. Kwenye joto hilo Phi Beta Kappa ya Harvard mwaka 1831 ikaamua siri basi, kila kitu hadharani. Na Williams College mwaka 1834 wanafunzi wakaanzisha chama makusudi cha kupinga vyama vya siri, ndo kilichokuja kuwa Delta Upsilon, na kauli yao wanaitoa bila kona, Dikaia Upotheke, haki ndo msingi wetu. Kwa hiyo shangazi, kuna wenye siri na wasio na siri, na wenye siri nyingi zao ni salamu, nyimbo na hiyo kauli. Mchungaji wako ana haki ya maoni yake, huku Marekani kwenyewe wapo wanachama wanaojitoa kwa sababu za dini na wanaweka video zao mtandaoni, ila damu za watu na majini hayo mmeongeza nyie.

Baada ya hilo boksi ndo mpwa wangu akanikokota mpaka kwenye duka la yule mama. Liko kwenye safu ya maduka, kati ya mahali pa kusuka nywele na mahali pa kufanyia hesabu za kodi, dirishani kuna jaketi za rangi zote. Paki hakuna, nimezunguka mpaka nikawa naona aibu kwa yule jamaa anayeuza maji pale kona. Ndani ni padogo, pamejaa, kila ukuta una chama chake, nyeusi na dhahabu ya Alpha Phi Alpha huku, zambarau ya Omega Psi Phi kule, nyekundu na krimu zipo mbili, za Kappa Alpha Psi na za Delta, na usithubutu kuzichanganya. Kuna mashine ya kudarizi nyuma inalia muda wote.

Mama mwenyewe ni wa Zeta Phi Beta, bluu na nyeupe, na hilo utalijua kabla hujamsalimia. Nikamwambia natokea Tanzania, akaacha alichokuwa anashona akaniambia Zeta ndo wa kwanza kati yao kufungua chapta, yaani tawi, Afrika, Liberia, 1948, aliisema hiyo tarehe kama mtu anayesoma namba ya simu ya nyumbani kwao. Nami nikamkumbusha kwamba kaka zao wa Phi Beta Sigma ndo waliwapata Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria. Akacheka, akasema huyu mjomba kaja amejiandaa. Zeta na Sigma wamefungwa pamoja kikatiba, Sigma walianza Howard 1914, wakawasaidia akina dada kuanza 1920 pale pale, ndo maana majina yanagawana Phi na Beta, hiyo haijatokea kwa bahati.

Nikamtolea ile kadi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akavua miwani. Aliniambia kila mwaka mahafali yakikaribia watu wanamletea vitu hivi, wazazi wa watu wametoa hela zao. Kilichomchekesha zaidi ni ile Omega ya "mafanikio ya mwisho". Maana hapa, na hapa tu, herufi peke yake huwa na maana. Chapta za vyama hivi zinapewa majina kwa mpangilio wa alfabeti, ya kwanza Alpha, ya pili Beta, zikiisha 24 unaanza Alpha Alpha, Alpha Beta na kuendelea. Lakini kwa Alpha Phi Alpha, Omega hawaipi chapta ya walio hai, Omega ni ya waliokufa. Mtu akifariki wanasema ameingia Omega Chapter. Delta wao wanasema Omega Omega. Sisi tuliokua tunasikia "mimi ni Alfa na Omega, mwanzo na mwisho" kila Jumapili hatuhitaji kufafanuliwa hapo. Sasa fikiria unampa mwana-Alpha aliyehitimu kadi inayomtakia afike Omega mapema.

Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga kwa sababu mpwa alikuwa anachagua uzi, na mama akiongea na mikono inafanya kazi. Nilichojifunza, kwa mpangilio wangu mwenyewe, ni kwamba jina lina historia hata pale ambapo kauli imefichwa. Chukua Kappa Alpha Psi. Walianza Indiana University mwaka 1911 wakiitwa Kappa Alpha Nu. Chuo chenyewe wakati huo mwanafunzi mweusi alikuwa peke yake kila mahali, na wazungu wakaichukua ile Nu wakaigeuza kuwa tusi lile la watu weusi linaloanza na herufi hiyo hiyo. Mmoja wa waanzilishi, Elder Watson Diggs, alilisikia kwa masikio yake uwanjani. Mwaka 1915 wakabadilisha, Nu ikatoka ikaingia Psi. Hakuna kadi ya tabia za herufi itakayokwambia hilo, na mi nadhani ndo maana halisi zaidi ya hiyo Psi kuliko kauli yoyote iliyofichwa.

Au Omega Psi Phi, Howard, Novemba 1911, wa kwanza wa wanaume kuanzishwa kwenye chuo cha watu weusi. Wao wanasema wazi kwamba herufi zimetoka kwenye kauli ya Kigiriki yenye maana kuwa urafiki ni muhimu kwa roho. Nzuri, fupi, imekaa. Afu unawaona mtaani wanabweka kama mbwa na mabuti ya dhahabu, unajiuliza roho gani tena, ila wakikushika mkono hawakuachii, nimefanya kazi na mmoja.

Alpha Phi Alpha wao ndo wakubwa kwa umri, chuo cha Cornell 1906, vijana saba kwenye baridi ya Ithaca. Martin Luther King alikuwa wao, Thurgood Marshall yule jaji wa Mahakama ya Juu wao, Du Bois yule msomi na mtetezi wa haki za weusi wao.

Na sasa ile hadithi ya delta na alfa niliyoahidi. AKA ilianza Howard tarehe 15 Januari 1908, sororiti ya kwanza ya wanawake weusi, kauli yao ya hadharani ni kwa utamaduni na kwa ustahili. Miaka michache baadaye wanachama 22 waliokuwa chuoni wakasema tubadilishe, jina, alama, mwelekeo, wote. Mmoja aliyekwisha hitimu, Nellie Quander, akasema jina hili haliguswi, akawapa muda warudi nyuma, wakagoma. Wale 22 wakatoka wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913, na mwezi huo huo Quander akaisajili AKA kisheria ili asije tena mtu akacheza na jina. Wenye Delta hawakukaa, Machi 3 mwaka huo huo walikuwa barabarani Washington kwenye maandamano ya wanawake kudai kura. Kwa hiyo ukiwa na kikombe cha AKA kilichowekwa delta mbili umeweka mezani ugomvi wa tangu 1913. Wanapendana siku hizi, wanataniana tu, ila mpwa alisema hicho kikombe hakitoki nje ya nyumba. Na hakijatoka, natilia chai mimi.

Tuje kwenye bidhaa zenyewe maana hii ni rivyuu.

Jaketi la satini, pinki sahihi, kijani sahihi. Herufi ni za kitambaa, tabaka mbili, zimeshonwa kuzunguka zote kwa uzi mnene, siyo za kubandika. Mgongoni jina lake la laini, yaani kundi alilovuka nalo, mkononi namba aliyosimamia kwenye huo mstari, na muhula. Bitana ndani imekaa sawa, zipu haikwami. Dola 145, na ndiyo, nilimeza mate. Lakini nimeziona jaketi za wakongwe zilizoletwa pale kurekebishwa, zina miaka kuliko huyu mtoto, uzi bado umeshika.

Shali ya kuvaa juu ya joho, dola 50, darizi safi, lulu ndogo kwenye ncha maana lulu ni alama yao, waanzilishi wao 20 wanaitwa lulu 20. Hii ndo ningesema inunuliwe na kila mzazi, kwenye picha za mahafali inaonekana kuliko kitu chochote.

Pini sikununua. Mama alinieleza kwamba ile ya uanachama yenyewe wanaagiza kwa njia za chama, kwake kuna za urembo tu. Nimependa kwamba alisema, angeweza kuniuzia.

Jambo moja litakalowakera baadhi yenu: hakuuzii kitu chenye herufi kama wewe siyo mwanachama na mwanachama hayupo. Mi nilitaka tisheti nami nivae siku ile, nikaambiwa hapana, na mpwa kwa pembeni ananikanyaga mguu. Kwa hawa watu herufi unazipata kwa kuingia, mtu wa nje akizivaa atasimamishwa barabarani aulizwe alivukia wapi na lini. Familia kuna vitu vya rangi bila herufi, nikachukua mwavuli wa pinki na kijani, dola 25, mwavuli wa kawaida tu, mshono mmoja umeachia. Hapo nimetoa robo nyota.

Pia anauza yale makasia ya mbao ya kutundika ukutani, yamechongwa herufi, mazuri kwa macho. Mi hayanifurahishi, najua zamani makasia yalikuwa yanafanya kazi gani kwa mtu anayetaka kuingia, watu wameumia na wengine wamekufa kwenye hayo mambo ya kupimana. Vyama 8 kati ya hivi 9 ule utaratibu wa zamani wa kuwapelekesha wageni waliufuta rasmi 1990. Rasmi. Mama alipoona naliangalia kasia hakusema neno, nami sikuuliza.

Jamaa wa vyuo vya jamii, yaani community college, na najua mko wengi humu, mnaopata barua pepe ya Phi Theta Kappa mnadhani matapeli: siyo matapeli, ni chama cha heshima cha vyuo vya miaka miwili, kipo tangu 1918, herufi zao ni za maneno ya Kigiriki ya hekima, shauku na usafi wa moyo, na wanaisema wazi. Kuna ada ya kuingia. Mama ana shali zao pia, za dhahabu, bei nafuu kuliko za sororiti. Vyama vya heshima vya aina hii mara nyingi havina cha kuficha, madaktari wana Alpha Omega Alpha, 1902, yenye maana ya kustahili kuwahudumia wanaoteseka, wanasayansi wana Sigma Xi ya Cornell 1886, wenza katika utafiti wa bidii. Ukitaka kununulia mtu zawadi yenye maana ya herufi zake iliyo ya kweli, hapo ndo pa kununua, siyo kwenye sororiti.

Na kwa wanaouliza kama lazima iwe Kigiriki, siyo lazima. Wapo waliofikia mahali wakasema tunabeba majina ya Wagiriki ya nini, kule Long Island miaka ya 1970 vijana walianza kama Malik Sigma Psi, baadaye wakazitoa herufi za Kigiriki wakabaki na Malik, mfalme, neno ambalo nyumbani tunalisikia msikitini na kwenye majina ya watu. Mama wa duka ana jaketi moja lao pale juu, aliliteremsha anionyeshe, kazi nzuri sana ya uzi.

Nimemrudishia muuzaji wa mtandaoni boksi lake? Wanasema bidhaa iliyowekwa herufi kwa oda hairudishwi. Nimewatumia picha ya zile pembetatu, wamenijibu kwamba "mtindo wa maandishi unaweza kutofautiana". Kadi nimeikata, fremu nimetilia picha ya mahafali.

Mwisho kabisa, mambo ya vitendo kwa mtakaoenda kwa mama. Nendeni na mwanachama mwenyewe. Jina la chapta andikeni kwenye karatasi kwa herufi za Kigiriki zenyewe na matamshi pembeni, maana Wamarekani wanasema "kai" kwa Chi na "sai" kwa Psi na kwenye simu mtaelewana vibaya. Mwezi wa tatu pelekeni oda, mkingoja wa tano mtakuta foleni mpaka kwa wasusi. Anapokea kadi na keshi, ila kwa keshi anapunguza kidogo ukimwomba kwa adabu, na Jumatatu hafungui.